Mnandi Jukwaani

Elfu kumi na tano kwa kiti cha plastiki,
na nusu yake kwa Kabula,
baada ya mabishano getini kuhusu urefu wake.
Nikalipa. Ningeongeza hata nauli ya kurudia, sikufichi:
bangoni alikuwapo yule mnandi,
yule yule, shingo imepinda kama kulabu,
kifaranga anayeogopa maji.

Namjua tangu banda la video la Lusato, Kirumba.
Mia mbili kwa kichwa, mabenchi ya mbao,
harufu ya dagaa ikiingia kwa matundu ya bati.
Lusato alitutafsiria kila katuni kwa kipaza sauti
akiongeza chumvi, akiwapa maharamia majina ya wadeni wake,
akisema hata pale ambapo hakuna aliyesema.

Ila ilipofika ile sehemu,
kifaranga ukingoni mwa jiwe, mama hayupo,
anatazama chini,
anatazama chini,
kisha anajiachia,
kioo kizima kikawa buluu, dakika nzima,
bila muziki, bila neno,
mapovu tu yakipanda;
na Lusato, kasuku yule, akazima kipaza sauti.
Watoto sitini tukabana pumzi.
Kaka yangu Masalu alibana mpaka akakohoa.
Nadhani ndipo nilipojua
kwamba kuna jambo ukilisema umelivunja.

Haya. Isamilo, Jumamosi, saa kumi iliyokuja saa kumi na moja na nusu.
Jenereta linakoroma nyuma ya pazia.
Mnandi anatoka: jibaba lenye ndevu,
manyoya yake mifuko myeusi ya rambo,
ile iliyopigwa marufuku, sijui waliificha wapi.
Anaimba. Mama yake anaimba. Jiwe linaimba.
Kuna kambare ambaye kwenye katuni hakuwapo kabisa,
kaletwa achekeshe, naye anaimba mara tatu.
Sauti si mbaya, nisiwaonee.
Yule dada aliyecheza mama, akipandisha,
hata muuza karanga alisahau chenji yangu.

Likaja jiwe. Nikamshika Kabula mkono.
"Sasa," nikamnong'oneza, "sasa nyamaza uone."
Wakatandaza kitambaa cha buluu,
vijana wawili wakikitikisa, ndala zao nje.
Na mnandi, ukingoni, akafungua mdomo:
naogopa, naogopa, moyo wangu unaogopa,
lakini nikijiamini naweza, naweza.
Beti nne. Tukaombwa tupige makofi.

Sisi wa Mwanza tunalijua hili:
minofu imepanda ndege,
tumeachiwa mapanki,
tena yamekaangwa kwa mafuta mengi ili yang'ae.

Alipomaliza kuimba woga wake
haikubaki sababu ya kuzama.
Akazunguka ziwa kwa miguu, akashuka ngazi,
akasimama pembeni kuitikia kiitikio.

Nilikuwa natafuta mkoba niondoke.
"Mama, yule."
Kidole cha Kabula kilielekea upande wa kushoto wa maji,
penye tundu la ukubwa wa sahani.
Humo ndani, mmoja wa wale watikisaji,
kijana mwembamba, amepiga goti,
mkono wake bado unapeleka mawimbi,
mashavu yamejaa,
macho ameyafumba.
Akiishiwa anavuta, anarudi chini.
Hakuna aliyemwagiza. Hakuna aliyepaswa kumwona.
Karatasi ya majina niliisoma baadaye mbele na nyuma:
kambare yumo, fundi wa jenereta yumo,
yeye hayumo.

"Anafanya nini?"
Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maneno yake yote,
banda, bati, Lusato, Masalu,
yamepanga foleni mdomoni.
Nikajaza mashavu.
Kabula akaniangalia kidogo, akajaza yake.

Jukwaani waliendelea na ujasiri wao.
Sisi tulihesabu kwa vidole.
Mwanangu alikuwa bado yuko chini
nilipofika arobaini na moja
nikakohoa.